Wito, mshahara na ahadi: Kinachowavuta watu katika utumishi wa umma

KILA nafasi za kazi za serikali zinapotangazwa nchini Kenya, maombi humiminika kupita kiasi. Wenye shahada huomba kazi zinazohitaji cheti tu, nao vijana hurauka alfajiri kupanga foleni viwanjani wakisubiri kupimwa kimo, meno na mbio ili wasajiliwe katika polisi au jeshi.

Wakati uo huo, malalamishi ya raia kuhusu huduma katika ofisi za umma hayakomi. Karani hayupo, ila koti lake limetundikwa kitini. Dawa zimekwisha hospitalini. Mwalimu anapiga gumzo katika chumba cha walimu ilhali wanafunzi wanamngoja darasani.

Hali hizi mbili zimezua swali ambalo wataalamu wa usimamizi wamelichunguza kwa miongo kadhaa. Ni nini hasa humfanya mtu atake kuajiriwa na serikali, na ni nini humfanya aendelee kujituma baada ya kuipata kazi hiyo?

Jibu la kwanza ni kwamba kinachomwingiza mtu kazini na kinachomfanya aitende vyema si kitu kimoja. Usalama wa ajira humvuta, nao wito humsukuma. Lakini aghalabu kinachoamua iwapo wito huo utadumu au utanyauka ni jinsi serikali, akiwa ndiye mwajiri, inavyotimiza neno lake.

Upeo wa utumishi wa umma

Utumishi wa umma ni uwanja mpana. Humo mna walimu, wauguzi, madaktari, polisi, machifu, makarani, maafisa wa kilimo, wahandisi wa barabara na wakusanyaji wa ushuru. Tangu 2013, wapo pia wafanyakazi wa serikali za kaunti 47 zilizoundwa chini ya Katiba ya 2010.

Waajiri wao ni tofauti. Walimu huajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu, TSC, iliyobuniwa kwa sheria ya Bunge mnamo 1967. Wafanyakazi wa wizara wako chini ya Tume ya Utumishi wa Umma, PSC, nao wale wa kaunti huajiriwa na bodi za kaunti zao.

Kifungu cha 232 cha Katiba kinaorodhesha maadili ya utumishi huo. Miongoni mwake ni uadilifu wa hali ya juu wa kikazi, matumizi mazuri ya rasilmali, utoaji wa huduma kwa haraka na bila mapendeleo, uwajibikaji, na uajiri unaozingatia ushindani wa haki na ustahiki.

Katiba haikuishia kwenye maadili. Kifungu cha 230, kinachobuni Tume ya Mishahara na Marupurupu, SRC, kinaitaka tume hiyo izingatie mambo manne: kwamba jumla ya mishahara iwe ile ambayo nchi inaweza kuimudu, kwamba utumishi wa umma uweze kuvutia na kudumisha wenye ujuzi unaohitajika, kwamba utendakazi na tija vitambuliwe, na kwamba kuwe na uwazi na haki.

Kwa hivyo, sheria kuu ya nchi inakiri kuwa maadili hayatoshi kumweka mtu kazini. Inakiri vilevile kuwa fedha zina kikomo. Migogoro mingi ya kazi nchini huzuka kwenye mvutano huo.

Usalama wa ajira

Kwa wengi, sababu ya kwanza ya kutamani kazi ya serikali ni usalama. Katika nchi ambamo zaidi ya asilimia 80 ya ajira iliyo nje ya kilimo kidogo imo katika sekta ya juakali, mshahara unaokuja kila mwisho wa mwezi ni neema kubwa.

Fahari ya kazi hiyo imefumbatwa katika maneno yanayojulikana kila kijiji: ajira ya kudumu yenye pensheni. Mwenye kazi ya namna hiyo anaaminika kwa mkopo benkini na katika chama chake cha akiba na mikopo, kwa kuwa marejesho hukatwa moja kwa moja kutoka kwa mshahara kabla haujamfikia.

Mkopo huo ndio humnunulia mwalimu ploti, ndio humjengea nyumba, na ndio huwasomesha ndugu zake wadogo. Wazazi wanaomhimiza mtoto wao aombe kazi ya serikali wanajua kwamba mshahara mmoja wa uhakika ni nguzo ya ukoo mzima.

Hata hivyo, usalama huo umetikiswa mara kadhaa. Mnamo 1993, kufuatia shinikizo za wafadhili, serikali ilianzisha mpango wa marekebisho uliowahimiza wafanyakazi kustaafu mapema kwa hiari. Punguzo la wafanyakazi lililofuata mnamo 2000 halikuwa la hiari.

Kuanzia 1998, uajiri wa walimu wapya ulisitishwa kwa miaka kadhaa, isipokuwa kujaza nafasi zilizoachwa wazi. Vijana waliohitimu vyuoni wakijua kuwa kazi inawasubiri walijikuta nyumbani, miaka ikiyoyoma.

Mnamo 2009, umri wa kustaafu uliongezwa kutoka miaka 55 hadi 60. Hatua hiyo iliwafaa waliokuwa kazini, lakini iliwachelewesha waliokuwa mlangoni.

Pensheni yenyewe nayo ilibadilika. Tangu Januari 2021, watumishi wa umma waliokuwa chini ya umri wa miaka 45 wamekuwa katika mpango wa kuchangia uzeeni. Walianza kukatwa asilimia 2 ya mshahara mwaka wa kwanza, 5 mwaka wa pili na 7.5 kuanzia mwaka wa tatu, serikali ikiwachangia asilimia 15. Kabla ya hapo, mzigo wote ulikuwa wa hazina ya serikali.

Usalama, basi, humleta mtu kazini, na ukitikisika humtia wasiwasi. Lakini haumfundishi kumhudumia raia kwa uso mkunjufu. Mwenye kazi isiyopotea kirahisi anaweza kuitumia ile hali ya utulivu kujifunza na kusaidia wengi, au kulala juu ya dawati.

Wito na sura zake

Sababu ya pili ni ile inayoitwa wito. Mnamo 1990, wasomi wawili wa Marekani, James Perry na Lois Wise, waliandika makala yaliyogeuka kuwa msingi wa utafiti kuhusu motisha ya utumishi wa umma. Walidai kuwa wapo watu ambao huvutwa na kazi ya umma kwa sababu zisizopatikana kwa urahisi katika biashara.

Waliziweka sababu hizo katika mafungu matatu. La kwanza ni la mtu kutaka kushiriki katika maamuzi makubwa. La pili ni la wajibu, yaani kuona kuwa kuitumikia nchi ni jambo linalompasa. La tatu ni la hisia, hasa huruma kwa wenye shida.

Mnamo 1996, Perry alibuni kipimo chenye nguzo nne: mvuto wa kushiriki kutunga sera, kujitolea kwa maslahi ya umma, huruma, na moyo wa kujinyima. Kipimo hicho kimetumiwa na kufanyiwa marekebisho katika nchi nyingi.

Nchini Kenya, sura hizo zote zinaonekana. Mhandisi anaweza kuacha kampuni ya ujenzi akaingia serikalini kwa sababu huko ndiko mtandao mzima wa barabara unakopangwa. Mwalimu ambaye karo yake ilichangwa na kijiji kizima katika harambee anaweza kuhisi kuwa ana deni la kulipa. Muuguzi huvutwa na mgonjwa aliye mbele yake.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa Peter Tabichi, mtawa wa shirika la Wafransisko na mwalimu wa hisabati na fizikia katika shule ya upili ya Keriko, kaunti ya Nakuru. Mnamo Machi 2019 alitunukiwa mjini Dubai tuzo ya mwalimu bora duniani pamoja na dola milioni moja. Alijulikana kwa kutoa asilimia 80 ya mapato yake kuwasaidia wasiojiweza.

Mwingine ni Anna Qabale Duba, muuguzi kutoka Marsabit, aliyeshinda tuzo ya kimataifa ya wauguzi mnamo 2022 iliyoandamana na dola 250,000. Mbali na kazi ya hospitali, alikuwa ameanzisha shule kijijini kwao, kunakosoma watoto na hata watu wazima.

Wawili hao ni fahari ya taifa. Lakini kuna hatari katika kuwatumia kama kipimo cha kila mtumishi. Tabichi ameweka nadhiri ya ufukara na hana mke wala watoto wa kulisha. Sera ya nchi yenye mamia ya maelfu ya watumishi haiwezi kujengwa juu ya utakatifu wa wachache.

Aidha, wito hauji peke yake. Mtu yule yule huweza kupenda watoto anaowafundisha, kuhitaji mkopo wa kujenga, na kutamani kupandishwa cheo. Kumgawa mtumishi kuwa ama mwenye wito ama mwenye kutafuta riziki ni kumsingizia. Wengi ni wote wawili.

Tamaa na lango la kuingilia

Kuna sababu ya tatu ambayo haisemwi katika mahojiano ya kazi. Baadhi ya watu huvutwa na utumishi wa umma kwa ajili ya kile kinachoweza kupatikana humo kando ya mshahara: zabuni, ardhi, na kitu kidogo kinachotolewa na raia anayehitaji muhuri.

Chanzo kimoja cha hali hii kinarejea miaka ya mwanzo ya uhuru. Tume iliyoongozwa na Duncan Ndegwa, ambayo ripoti yake ilitolewa 1971, iliruhusu watumishi wa umma kumiliki biashara. Nia ilikuwa kuwawezesha Waafrika kushiriki katika uchumi uliokuwa mikononi mwa wageni.

Matokeo yalikuwa kwamba afisa aliyetoa leseni angeweza kuwa na duka lililohitaji leseni ile ile. Majaribio ya kuurekebisha mwanya huo yamechukua zaidi ya nusu karne, yakiwemo sheria ya maadili ya maafisa wa umma ya 2003 iliyowataka watangaze mali zao, na Sheria ya Mgongano wa Maslahi ya 2025.

Lango la kuingilia nalo lina uzito wake. Mnamo 2014, Mahakama Kuu ilibatilisha usajili wa makurutu 10,000 wa polisi kwa sababu ya ufisadi na kasoro zilizoukumba. Mnamo Februari 2024, PSC ilitangaza kwamba ukaguzi katika taasisi za umma ulikuwa umefichua zaidi ya vyeti 2,000 ghushi.

Anayenunua nafasi ya kazi haingii kama mtumishi, bali kama mwekezaji. Siku yake ya kwanza kazini anahesabu muda utakaomrudishia fedha zake. Aliyefungiwa mlango kwa kukosa hongo naye huenda alikuwa na wito mkubwa zaidi, lakini wito huo hautamfaidi mtu.

Ndiposa wataalamu husisitiza kuwa motisha ya watumishi huanza kuamuliwa kabla hawajaajiriwa, kwa namna wanavyochaguliwa.

Je, fedha huua wito?

Kuna hoja ya zamani kwamba ukimlipa vizuri mtu wa kujitolea utampoteza, kwa sababu mshahara mnono huwavutia wanaopenda fedha na kuwafukuza wenye moyo. Hoja hii hupendwa sana na waajiri. Utafiti hauiungi mkono kikamilifu.

Nchini Zambia, serikali ilipoanzisha kada mpya ya wahudumu wa afya wa vijijini mnamo 2010, watafiti walitumia mabango ya aina mbili kutangaza kazi hiyo katika wilaya 48. Katika baadhi ya wilaya, bango lilisisitiza kuisaidia jamii. Kwingineko, lilisisitiza nafasi ya kupanda ngazi katika taaluma.

Wengi wangetarajia kuwa walioitwa kwa jina la jamii wangefanya kazi kwa bidii zaidi. Ikawa kinyume. Waliovutwa na nafasi ya kupanda vyeo walizitembelea nyumba za wanavijiji kwa asilimia 29 zaidi, na idadi ya watoto wenye uzani wa chini katika maeneo yao ilipungua. Walikuwa na ujuzi zaidi, na hawakuwa na upendo mdogo kwa jamii zao.

Nchini Mexico, utafiti kuhusu mpango wa serikali wa 2011 ulionyesha kuwa mshahara wa juu uliwavutia waombaji wenye uwezo zaidi, bila kupunguza moyo wao wa kuhudumu.

Nchini Uganda, hata hivyo, matokeo yalikuwa tofauti. Shirika moja lisilo la serikali lilipotafuta wahamasishaji wa afya vijijini kwa kazi ambayo haikuwa ikijulikana, tangazo lililotaja kipato cha juu liliwafukuza baadhi ya waliokuwa na moyo wa kujitolea. Waliitafsiri kazi hiyo kuwa ya biashara.

Matokeo hayo yakiwekwa pamoja, yanaonyesha kuwa fedha zenyewe si adui wa wito. Kinachofaa kuangaliwa ni ujumbe unaoandamana nazo. Mshahara unaweza kumwambia mtu kuwa ujuzi wake unathaminiwa, au unaweza kumwambia kuwa hapa ni sokoni.

Kenya ina somo lake pia. Kati ya 1998 na 1999, katika wilaya za Busia na Teso, shule 50 ziliteuliwa kwa bahati nasibu ambapo walimu wangepewa zawadi kutegemea alama za wanafunzi. Alama katika mitihani iliyohusishwa na zawadi hizo zilipanda.

Lakini walimu hawakuongeza kuhudhuria darasani. Walichoongeza ni vipindi vya kuwaandaa wanafunzi kwa mtihani, na mpango ulipokwisha, manufaa hayo hayakudumu. Kilichopimwa kilifanywa, na ambacho hakikupimwa kilibaki vilevile.

Ahadi ni deni

Ikiwa fedha pekee hazielezi kila kitu, ni kipi kinachoeleza hasira ambayo imewatoa watumishi wa umma kazini mara kwa mara? Historia ya migomo nchini inaelekeza kwa neno moja: ahadi.

Mnamo Oktoba 1997, uchaguzi mkuu ukikaribia, serikali ilikubali kuwaongeza walimu mishahara kwa kati ya asilimia 150 na 200. Awamu ya kwanza ililipwa. Zilizofuata zikasitishwa kwa kisingizio cha ukosefu wa fedha.

Walimu waligoma tena 1998, na tena 2002. Nyongeza hiyo ilikuja kukamilishwa miaka mingi baadaye. Waliostaafu katika kipindi hicho walilazimika kwenda mahakamani kudai pensheni iliyokokotolewa kwa viwango vilivyoahidiwa, na baadhi yao walifariki wakingoja.

Kwa madaktari, hadithi ni kama hiyo. Juni 2013, chama chao cha KMPDU kilitia saini mkataba wa pamoja na serikali. Mkataba haukutekelezwa. Mnamo Desemba 5, 2016, madaktari wa hospitali za umma waliweka vifaa chini, na hawakurudi hadi Machi 14, 2017, siku 100 baadaye.

Katika muda huo, maafisa saba wa chama hicho walifungwa jela kwa kukaidi amri ya mahakama ya kusitisha mgomo. Wagonjwa wasio na uwezo wa kwenda hospitali za kibinafsi ndio walioumia zaidi.

Jambo lililosahaulika na wengi ni kwamba mkataba huo haukuwa wa mishahara pekee. Ulihusu pia idadi ya madaktari, vifaa vya kazi, mafunzo na utafiti. Daktari anayemtazama mgonjwa akifa kwa kukosa kifaa huvunjika moyo kwa namna ambayo nyongeza ya mshahara haiwezi kuitibu.

Mnamo Machi 2024, madaktari waligoma tena kwa siku 56. Miongoni mwa malalamishi yao yalikuwa malipo ya madaktari wanagenzi, ambao chini ya makubaliano ya 2017 walistahili Sh206,400 kwa mwezi, ilhali serikali ilipendekeza kuwalipa Sh70,000.

Kila mgomo unapozuka, viongozi huwakumbusha watumishi kuhusu wito wao na kiapo chao. Kauli hiyo ina ukweli, kwani maisha ya raia yamo hatarini. Lakini kiapo kina pande mbili. Anayemtaka mwenzake atimize neno lake sharti atimize lake kwanza.

Utafiti uliofanywa humu nchini unatilia mkazo hoja hiyo. Mnamo 2005, katika shule za magharibi mwa Kenya, shirika moja liliwafadhili walimu wa kandarasi walioajiriwa na kamati za shule kwa mshahara uliokuwa takriban robo ya ule wa walimu wa TSC. Wanafunzi wao walifanya vyema kuliko wenzao.

Mpango huo ulipopanuliwa nchini kote chini ya wizara, manufaa hayo yalitoweka katika shule zilizosimamiwa na serikali, ilhali yalionekana katika zile zilizosimamiwa na shirika lisilo la serikali. Miongoni mwa yaliyobainika ni kwamba walimu waliokuwa chini ya serikali walicheleweshewa mishahara zaidi. Kazi ni ile ile na mshahara ni ule ule, lakini mwajiri hakuwa yule yule.

Kuonekana na kutambuliwa

Motisha nyingine ambayo haihitaji fedha nyingi ni kutambuliwa. Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Mtumishi anayejua kuwa kazi yake inaonekana huifanya tofauti na anayejua kuwa mchapakazi na mzembe wote watapata mshahara mmoja tarehe moja.

Ndiyo maana mwishoni mwa 2004 Kenya ilianzisha mikataba ya utendakazi, ikianza na mashirika 16 ya serikali kabla ya kuipanua hadi wizara. Kila taasisi iliweka malengo yake, ikapimwa na kuorodheshwa hadharani. Mpango huo ulitambuliwa na Umoja wa Mataifa kwa tuzo mnamo 2007.

Vituo vya Huduma, vilivyoanzishwa Novemba 2013, vilifuata mkondo huo. Raia aliyezoea kuzunguka ofisi nyingi kutafuta kitambulisho au cheti cha kuzaliwa alianza kuhudumiwa chini ya paa moja. Navyo vilipata tuzo ya Umoja wa Mataifa mnamo 2015.

Funzo moja la vituo hivyo linahusu watumishi wenyewe. Wengi walitoka katika idara zile zile zilizokuwa zikilaumiwa. Kilichobadilika ni mahali pa kazi, vifaa, utaratibu wa foleni, na kule kukaa ana kwa ana na raia anayeondoka akiwa ameridhika. Mtu anapoyaona matunda ya kazi yake, wito hufufuka.

Hata hivyo, somo la Busia halifai kusahauliwa. Malengo yanayopimwa yakiwa duni, watumishi watayatimiza hayo duni. Ni rahisi kuhesabu mafaili yaliyofungwa kuliko kuhesabu wajane waliosaidiwa kurithi mashamba yao.

Wito kama njia ya kubana matumizi

Suala linalozidi kujitokeza ni la serikali kutegemea moyo wa kujitolea kuziba mapengo ya bajeti. Kanuni za fedha za 2015 ziliweka kikomo cha asilimia 35 ya mapato kwa mishahara, na serikali nyingi za kaunti zimekivuka. Katika hali hiyo, mtumishi asiye na mshahara kamili ni kishawishi kikubwa.

Septemba 2023, serikali ilizindua mpango wa wahamasishaji 100,000 wa afya ya jamii, ambao huenda nyumba kwa nyumba wakipima shinikizo la damu na sukari na kuwashauri akina mama wajawazito. Posho yao iliwekwa kuwa Sh5,000 kwa mwezi, serikali kuu na kaunti zikigawana gharama hiyo nusu kwa nusu.

Vivyo hivyo, maelfu ya walimu wa sekondari msingi waliajiriwa kama wanagenzi ingawa walikuwa wamehitimu na kusajiliwa. Waligoma mnamo 2024 wakitaka ajira ya kudumu.

Wengi wa watu hao wana wito wa kweli, na ndio maana wanaendelea. Lakini wito ni kama kisima. Ukichota kila siku bila kuacha maji yajae tena, utafika siku moja na ndoo na kukuta matope.

Dalili zipo. Mnamo Julai 2021, Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya kuwawezesha wahudumu wa afya wa Kenya kwenda kufanya kazi huko. Muuguzi anayepanda ndege kwenda Uingereza hajaacha kuwapenda wagonjwa. Amekwenda kuwahudumia wagonjwa wengine, kwa mwajiri anayelipa tarehe iliyoandikwa kwenye mkataba.

Yanayodumisha moyo wa kazi

Yote hayo yanaonyesha kuwa swali la ni nini huwavuta watu katika utumishi wa umma halina jibu la neno moja. Wapo wanaofuata pensheni, wapo wanaofuata mamlaka, wapo wanaofuata hongo, na wapo wanaofuata jirani mgonjwa. Mara nyingi, sababu kadhaa huishi ndani ya mtu mmoja.

Kazi ya serikali nzuri ni kuzikuza zinazofaa na kuzinyima nafasi zisizofaa. Kuajiri kwa ustahiki humfungia mlango mwekezaji wa hongo na kumfungulia mwenye ari. Kupandisha vyeo kwa haki humpa kijana mwenye uwezo sababu ya kubaki. Vifaa vya kazi humpa daktari na mwalimu nafasi ya kuyaona matunda ya jasho lao.

Zaidi ya yote ni kutimiza ahadi. Mshahara mdogo unaolipwa kwa wakati na kwa uwazi umevumiliwa na vizazi vya watumishi. Mkataba uliotiwa saini na kutupwa kabatini haujavumiliwa kamwe, kama ilivyothibitika 1998, 2016 na 2024.

Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Lakini hata mkono uliojaa haulambwi ukiwa wa mtu asiyeaminika. Raia anayetaka kuhudumiwa kwa moyo ana haki ya kumdai mtumishi wake uadilifu, na ana sababu nzuri ya kuidai serikali yake iwe mwajiri wa kuaminika. Madai hayo mawili ni moja, kwa kuwa mgonjwa anayelala hospitalini bila daktari ndiye anayelipa gharama ya kila ahadi inayovunjwa.